Maji machache yapelekwe kwenye mzizi: chungu, bomba na mvua iliyokingwa katika nchi kavu

Lita 2 za maji zikimwagwa kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 50 kuzunguka mche ni sawa na mvua ya milimita 10 juu ya duara hilo. Udongo tifutifu hushika takriban milimita 15 hadi 20 za maji katika kila sentimita 10 za kina. Maana yake ni kwamba maji yale yameishia sentimita 5 hadi 7 tu chini ya uso. Kwenye jua kali na upepo, udongo mtupu uliolowa unaweza kupoteza milimita 6 au zaidi kwa siku. Kesho yake jioni karibu yote yamekwisha, na mzizi ulio sentimita 30 chini haukuonja hata tone.

Ndiyo maana unakuta mche unaomwagiliwa kila jioni bila kukosa na bado unakauka. Kibaya zaidi, mizizi michache iliyobaki hai huota kuelekea juu, kwenye ule unyevu wa usoni. Siku mbili tatu zikipita bila maji, mche umekwisha.

Sasa chukua lita 20 uzimwage kwenye duara lilelile mara moja kila baada ya siku 10. Kiasi cha maji hakijabadilika, lakini safari hii yanashuka nusu mita au zaidi. Jua litakausha sentimita chache za juu, kisha udongo huo mkavu utakuwa kifuniko kinachozuia unyevu wa chini usipande haraka. Kwenye udongo wa kichanga punguza dozi na ufupishe muda: kichanga hushika milimita 6 hadi 10 tu kwa kila sentimita 10, hivyo lita 20 kwa mkupuo zitapita chini ya mizizi ya mche mchanga. Hapo lita 10 kila siku 5 ni bora.

Mbinu zote ninazozieleza hapa zinasimama juu ya hesabu hiyo. Maji ya nchi kavu yakusanywe kwanza, yashushwe chini, kisha yafunikwe.

Kabla ya kuchimba, tafuta visiki

Shamba linaloonekana tupu mara nyingi lina visiki hai vya miti iliyokatwa miaka mingi nyuma. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka vinakatwa wakati wa kusafisha shamba. Mizizi yake iko chini tayari, mita kadhaa, na haihitaji ndoo yako. Chagua machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka katika kila kisiki, kata mengine yote, kisha pogoa matawi ya nusu ya chini ya yale uliyoyaacha. Rudia mara mbili au tatu kwa mwaka, na zuia mifugo katika miaka ya mwanzo. Nchini Niger, tangu miaka ya 1980, wakulima wamerudisha miti kwa njia hii kwenye zaidi ya hekta milioni 5. Anayeanza na miche ya kununua kabla ya kutazama visiki vyake anabeba gharama ambayo pengine hakupaswa kuibeba.

Chungu kilichozikwa

Kwa mboga na mimea inayotambaa, hii ndiyo mbinu ninayoitanguliza mbele ya zote. Iliandikwa huko China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, chungu kikiwa katikati na matikiti yakikizunguka, na mpangilio huo hauna haja ya kubadilishwa.

Ukuta wa chungu ambacho hakikupakwa rangi wala kung'arishwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Udongo wa nje ukikauka, unavuta maji kupitia vitundu hivyo. Ukilowa, mvuto unapungua na maji yanabaki ndani. Kwa hiyo mmea ndio unaopanga kiasi: siku ya joto mizizi inanyonya zaidi, udongo unakauka zaidi, na chungu kinatoa zaidi. Mvua ikinyesha, chungu kinatulia chenyewe. Hakuna koki wala saa inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Tafuta chungu cha lita 5 hadi 10, chenye tumbo pana na shingo nyembamba. Kipime kabla ya kukizika: kijaze maji, kiweke kivulini kwa saa 24. Ukuta wote wa nje uwe na unyevu kama jasho, lakini maji yasidondoke. Kisichotoa jasho kilichomwa kwa moto mkali mno, au kimepakwa kitu, au kilipikiwa vyakula vya mafuta hadi vitundu vikaziba. Kinachodondosha maji kina ufa. Hicho kitamwaga chote ndani ya siku moja. Chungu cha maua chenye tundu chini kinafaa pia, mradi tundu lizibwe kwa saruji.

Chimba shimo lenye upana mara mbili hadi tatu ya chungu na kina kinachoacha shingo itokeze sentimita 2 au 3 juu ya ardhi. Kutokeza huko kunazuia udongo na maji ya tope yasiingie. Changanya udongo uliochimbwa na samadi iliyooza au mboji, sehemu 2 za udongo kwa 1 ya samadi, ondoa mawe na mabonge, kisha rudishia kidogo kidogo huku ukikandamiza kwa mkono na kulowesha. Hatua hii ndiyo inayoharakishwa na wengi, na ndiyo inayoharibu kazi: pakibaki mwanya wa hewa kati ya udongo na ukuta, udongo hauna namna ya kuvuta maji. Funika mdomo kwa kifuniko au jiwe bapa, rangi iwe ya kung'aa kuliko nyeusi. Bila kifuniko utapoteza maji kwa mvuke, na utafuga mbu.

Panda ndani ya sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Mimea 3 au 4 ya kutambaa inatosha kwa chungu kimoja, nafasi kati ya vyungu ikiwa mita 2 hadi 3. Mimea hii inafaidika kuliko yote, kwa sababu mashina yako karibu na maji ilhali majani yanatandaa mbali. Kwa mboga za majani na nyanya weka vyungu kila mita 1. Mimea ya kupandwa kwa kutawanya mbegu shamba zima haifai. Utahitaji vyungu visivyo na idadi. Mbegu ukizipanda moja kwa moja, zimwagilie kwa mkono kwa wiki 2 za mwanzo, maana chungu hakiloweshi uso wa udongo. Ukavu huohuo wa usoni ndio unaonyima mbegu za magugu nafasi ya kuota, faida ambayo watu huisahau.

Jaza maji yanapofika nusu, usingoje chungu kikauke. Kinapokauka kabisa, chumvi iliyomo kwenye maji inabaki ndani ya ukuta na kuziba vitundu, na mizizi iliyokumbatia chungu inaungua. Maji ya mto au bwawa yachuje kwa kitambaa. Dalili ya kuziba ni rahisi kuitambua: mimea inanyauka na maji chunguni hayashuki. Mwisho wa msimu vitoe, visugue kwa brashi, viloweke usiku kucha kwenye maji yenye siki, suuza, kausha, kisha rudia lile jaribio la saa 24.

Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, nyufa hufungua udongo na kuutenga na chungu. Hapo ongeza mboji nyingi kuzunguka, au chagua bomba ninaloeleza hapa chini. Kwa mti, kizike sentimita 20 hadi 30 kutoka shinani, na ukitoe baada ya misimu 2, kabla mizizi minene haijakivunja.

Bomba la wima kwa miti

Hili ni rahisi kuliko chungu, na kwa mti wa matunda au wa kivuli ndilo ninalopendekeza. Chukua bomba la plastiki au mwanzi uliotobolewa vifundo, kipenyo sentimita 4 hadi 5, urefu sentimita 45 hadi 50. Toboa matundu ya milimita 1 hadi 2 kwa mstari mmoja, kila baada ya sentimita 5 hadi 7, ukianzia sentimita 10 chini ya mdomo. Lisimamishe sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye shina, upande wa juu wa mteremko, matundu yakitazama mche, na mdomo ubaki sentimita 3 juu ya ardhi. Chini liache wazi. Mdomoni funga wavu mdogo wa chuma au plastiki. Usipofunga, mijusi na panya wadogo huingia na kufia humo.

Bomba la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 45 linabeba karibu lita 0.9. Kwa hiyo ukilijaza mara mbili umempa mche karibu lita 2, zote zikiwa chini ya ule ukanda unaokaushwa na jua. Hizi ndizo lita 2 zilezile za mwanzo, lakini safari hii mzizi unazipata.

Kosa la kawaida ni kuliweka bomba mbali na mche mchanga. Mizizi ya mche uliotoka kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kitaluni, iko ndani ya bonge lake tu, na maji yaliyo sentimita 30 pembeni hayaufikii. Kosa la pili ni kutegemea bomba peke yake siku ya kupanda. Mwagilia juu pia kwa wiki 2 au 3 hadi mizizi ishuke. Mti ukikua, ongeza bomba la pili na la tatu mbali zaidi, kuelekea chini ya ncha za matawi, ili mizizi itandae pande zote na mti usianguke kwa upepo.

Chupa za plastiki zilizopinduliwa zinasifiwa sana, lakini zina matatizo. Kifuniko kikibanwa na chupa haina tundu la hewa, maji hayatoki. Ukilegeza, yanaisha kwa saa chache. Tundu la sindano linaziba kwa tope au mwani, maana jua linapenya plastiki. Zitumie kwa dharura ya wiki chache. Umwagiliaji wa matone ni mzuri kwa mwenye chanzo cha maji safi: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita 1, chujio, na mistari iliyolazwa penye usawa. Fungua ncha za mistari kila wiki utoe uchafu, na ifunike kwa matandazo, kwa sababu tone linaloanguka juu ya udongo mtupu linavukizwa kama maji mengine yoyote.

Kukinga mvua

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mche wenye kisahani cha mita 1 ya mraba, mvua ya milimita 15 ikinyesha, unapata lita 15. Ukiutengea mita 10 za mraba za ardhi iliyo juu yake, ngumu na isiyo na majani, na asilimia 30 ya mvua ikatiririka kuja chini, unaongeza lita 45. Jumla lita 60, kwa mvua ambayo jirani ataisahau kesho. Kumbuka tu kwamba manyunyu ya milimita 2 au 3 kwa kawaida hayatiririki hata kidogo, usiyahesabu.

Namna ya kuutenga uwanja huo inategemea mteremko. Kwenye mteremko mdogo, chini ya asilimia 5, chora umbo la almasi kwa kingo za udongo zenye kimo cha sentimita 25 hadi 30, zilizoshindiliwa kwa miguu zikiwa na unyevu, na shimo la kina cha sentimita 40 kwenye kona ya chini kabisa. Mche usikae katikati ya shimo. Upandwe kwenye kidaraja cha udongo pembeni, juu ya kimo cha maji, la sivyo mvua kubwa ya kwanza itauzamisha na tope litafunika shingo yake. Weka mawe mahali pamoja pa kutokea maji ya ziada ili kingo isikatike popote inapotaka.

Kwa nyasi, miti na nafaka kwenye ardhi yenye gamba gumu, kingo ya umbo la nusu-mwezi hufanya kazi vizuri: kipenyo mita 4, kina sentimita 15 hadi 25, udongo umetupwa upande wa chini, mdomo umeelekea juu ya mteremko. Panga mstari wa pili ukiwa katikati ya nafasi za mstari wa kwanza. Ukiacha mita 8 kutoka kitovu hadi kitovu kwenye mstari na mita 4 kati ya mistari, hekta inabeba takriban 310.

Kwa mtama, uwele na mahindi kuna mashimo ya zai, yaliyotoka Burkina Faso na nchi jirani za Sahel. Kipenyo sentimita 20 hadi 40, kina sentimita 10 hadi 20, nafasi sentimita 80 kila upande, ambayo ni mashimo kama 15,600 kwa hekta. Udongo wa shimo utupwe upande wa chini. Konzi mbili za samadi, karibu gramu 300, zinaingia kabla ya mvua. Yachimbwe kiangazi, maana upepo utaleta majani na vumbi humo bure, na mchwa wanaofuata samadi watatoboa njia zinazopeleka maji chini. Ni kazi nzito, mamia ya saa kwa hekta, hivyo anza na robo ekari. Usichimbe zai kwenye kichanga kitupu, kwani mashimo hubomoka, wala bondeni, kwani maji husimama na mazao hugeuka manjano.

Mistari yote hii lazima ifuate kontua, yaani mstari unaopita kwenye kimo kilekile cha mteremko. Chombo chake ni fremu A: miti 2 ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti mmoja wa kukingama katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapogusa mti wa kukingama. Geuza miguu, kila mmoja kwenye kigingi cha mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Pima siku isiyo na upepo. Kingo iliyokosewa kwa sentimita chache tu inapeleka maji yote mahali pamoja, na hapo ndipo korongo huanzia.

Kwa bustani, zamisha vitanda sentimita 10 hadi 15 chini ya njia. Tuta lililoinuliwa limetengenezwa kwa nchi yenye mvua nyingi, ili maji yakimbie. Kwenye ukame linakausha mizizi kutoka pande zote.

Mche na shimo lake

Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu umetengwa na wa chini. Ukikuta tabaka gumu, livunje kwa mtaimbo, na ukwaruze kuta kama zimeng'aa, maana mizizi haipenyi ukuta laini wa mfinyanzi. Jaza kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, wiki kadhaa kabla ya mvua, na uache sentimita 15 za juu wazi. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Panda udongo ukiwa umelowa angalau sentimita 30. Anayesubiri hadi katikati ya msimu anaunyima mche wake wiki ambazo ungeshusha mizizi. Chagua mche wa sentimita 30 hadi 40. Mrefu wa mita 1 unapendeza kitaluni, lakini majani yake yanadai maji ambayo mizizi ya kiriba kidogo haiwezi kuyaleta. Wiki 4 hadi 6 za mwisho kitaluni upunguziwe maji na kivuli ili ukomae. Kata sentimita 1 ya chini ya kiriba pamoja na mizizi iliyojizungusha, chana plastiki, usivute shina.

Palilia duara la mita 1. Nyasi zina mizizi mingi karibu na uso, na kila mvua ndogo zinainywa kabla ya mche.

Matandazo yawe unene wa sentimita 8 hadi 10, yakiwekwa juu ya udongo uliolowa tayari. Juu ya udongo mkavu yanazuia mvua ndogo isifike chini. Acha sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Mchwa hupenda vitu vilivyokufa, na mche uliodhoofika kwa kiu wanauhesabu humo. Pasipo na nyasi tumia mawe na changarawe, ambavyo haviliwi na yeyote.

Ili kujua maji yamefika wapi, tumia nondo nyembamba ya milimita 8. Siku moja baada ya kumwagilia, isukume chini kwa mkono: inapita kwa urahisi kwenye unyevu na kugoma inapokutana na ukavu. Ikigoma sentimita 15, ongeza maji na urefushe muda kati ya dozi. Mwaka wa kwanza shabaha iwe sentimita 40, wa pili 60. Kiangazi cha pili toa maji kila wiki 3, na cha tatu mara moja kwa mwezi, kwa miti inayostahimili ukame. Majani yakinyauka mchana na kusimama tena alfajiri, mti bado unajimudu. Yakiwa yamelala bado alfajiri, mpe dozi kamili siku hiyohiyo, kisha punguza muda kati ya dozi kwa theluthi moja hadi mvua.